Baridi ya Leeds, kaskazi ya Tororo

Swali: Binti yangu ni muuguzi Leeds, Uingereza. Alifika huko Septemba 2019 na makoti mazito niliyomnunulia, lakini msimu wote wa baridi ukawa mvua na upepo tu, theluji hakuiona. Mwaka uliofuata akanitumia picha theluji imemfika kwenye vifundo vya miguu. Sasa mdogo wake naye anakwenda Septemba hii. Jua ni lilelile, mji ni uleule: nini kinabadilisha baridi namna hiyo? Jirani yangu, mwalimu, anasema dunia imeharibika. Na je, huu upepo mkavu unaotupasua midomo hapa Tororo, Uganda, kila Desemba unatoka kwenye hiyo baridi yao? (Mama wa watoto wanne, Tororo)

Jibu: Mama, kinachobadilika ni njia ya upepo. Uingereza ni kisiwa. Magharibi yake kuna bahari ya Atlantiki, mashariki yake kuna bara kubwa la Ulaya na Asia, na kaskazini yake kuna barafu ya ncha ya dunia. Upepo ukivuma kutoka baharini, watu wa Leeds wanalowa. Ukivuma kutoka bara au kutoka kwenye barafu, wanaganda. Na anayeamua upepo uvume kutoka wapi, kwa wiki na miezi, ni maeneo makubwa ya mgandamizo wa hewa yenye upana wa maelfu ya kilomita, ambayo nguvu zake hazilingani mwaka hadi mwaka.

Mgandamizo wa hewa ni uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na sisi wa huku ni vigumu kuamini kwamba una maana yoyote. Kipimahewa kikiwekwa Entebbe, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, husoma karibu hektopaskali 885 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo). Kikae mbele yako siku nzima utaona kinapanda hadi saa nne asubuhi, kinashuka hadi saa kumi jioni, kinapanda tena hadi saa nne usiku, kisha kinashuka kabla ya alfajiri. Tofauti yote ni hektopaskali tatu au nne. Kesho yake ni hivyohivyo, na keshokutwa. Mvua kubwa ya radi inaweza kupita juu ya ziwa na kile kipimo kisitikisike sana. Nenda Iceland mwezi Januari: dhoruba moja inaweza kushusha mgandamizo kwa hektopaskali 30 na zaidi ndani ya siku moja.

Sababu ya tofauti hiyo ni mzunguko wa dunia. Hewa inayosafiri hupindishwa kuelekea kulia kaskazini mwa ikweta, na kushoto kusini mwake. Kwenye ikweta penyewe, huku kwetu, msukumo huo unakaribia sifuri. Basi mgandamizo ukipungua mahali, hewa hukimbilia hapo moja kwa moja na tofauti inaisha mapema. Kwenye latitudo ya Leeds hewa haifiki inakokwenda. Inapindishwa mpaka inabaki kulizunguka eneo badala ya kulijaza: eneo la mgandamizo mdogo huzungukwa kinyume cha mwendo wa mikono ya saa, la mgandamizo mkubwa huzungukwa kufuata mwendo wa mikono ya saa. Ndiyo maana huko maeneo hayo yanaweza kukomaa, kukaa, na kutawala majira mazima.

Kwa Ulaya ya magharibi, yanayotawala ni mawili. Karibu na Iceland hukaa eneo la mgandamizo mdogo. Kusini yake, karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, hukaa eneo la mgandamizo mkubwa. Chukua kalamu uchore: hewa inayozunguka eneo la Iceland kinyume cha saa, na ile inayozunguka eneo la Azores kufuata saa, zote mbili katikati zinaelekea mashariki. Huo ndio upepo wa magharibi unaoipiga Uingereza. Unapita juu ya maji ya Atlantiki yaliyohifadhi joto la kiangazi, unachukua joto na unyevu, unavishusha Ireland, Uingereza, Norway na kuendelea. Leeds na Irkutsk ya Siberia ziko karibu latitudo moja. Wastani wa Januari Leeds ni nyuzi 4 hivi juu ya sifuri. Irkutsk ni karibu 18 chini ya sifuri. Jua wanalopata linakaribiana. Kinachowatofautisha ni kwamba Leeds inaletewa hewa ya baharini.

Sasa fikiria upepo huo ukilegea. Maeneo hayo mawili yana tabia ya kwenda pamoja kwa kupishana: mgandamizo wa Iceland ukishuka chini ya kawaida, ule wa Azores mara nyingi hupanda juu ya kawaida, na kinyume chake. Wataalamu huita mpishano huo Oskilesheni ya Atlantiki ya Kaskazini, kwa kifupi NAO, na huupima kwa kulinganisha vipimo vya Iceland na vya Azores, Lisbon au Gibraltar. Tofauti ikiwa kubwa, NAO ni chanya: upepo wa magharibi una nguvu, Ulaya ya kaskazini inapata majira yasiyo makali lakini yenye mvua na dhoruba, huku Hispania na Morocco zikikosa mvua. Tofauti ikiwa ndogo, NAO ni hasi: upepo wa baharini unalegea, mlango wa mashariki na kaskazini unafunguka, na theluji inaingia Uingereza, wakati mvua zinahamia kusini.

Watu waliliona jambo hili kabla ya kuwapo mtandao wa vipimo. Mmisionari Hans Egede Saabye, aliyekuwa Greenland miaka ya 1770, aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba Wadenmark walikuwa wameng'amua kuwa baridi ikiwa kali Denmark, Greenland huwa na nafuu, na baridi ikiwa nyepesi Denmark, Greenland huteseka. Hakuwa na kipimo cha kueleza sababu, lakini alilokuwa analieleza ndilo hili. Aliyelipa jina ni Gilbert Walker, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924. Hakuwa anatafuta baridi ya Ulaya hata kidogo. Alikuwa anatafuta njia ya kubashiri mvua za India ili watu wasife tena kwa njaa, na katika kulinganisha vipimo vya mgandamizo vya dunia nzima akagundua mipishano mitatu mikubwa, huu wa Atlantiki ukiwa mmoja. Mwingine, wa Pasifiki ya kusini, ndio tunaoujua leo kama upande wa hewani wa El Niño, ambayo upande wake wa baharini ni maji ya Pasifiki kupata joto. Nalitaja hili kwa sababu mtu aliyekuwa anahangaikia mvua za nchi za joto ndiye aliyetufumbulia baridi ya wazungu, na utaona huko mbele kwamba uhusiano huo bado uko hai.

Turudi kwa binti yako. Msimu wake wa kwanza, 2019/20, NAO ilikuwa chanya kwa nguvu. Ulaya ilipata msimu wa baridi wenye joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa hadi wakati huo, na Februari 2020 ilikuwa Februari yenye mvua nyingi kuliko zote katika rekodi za Uingereza. Dhoruba Ciara na Dennis zilifuatana ndani ya wiki moja, na bonde la mto Calder, mwendo mfupi tu kutoka Leeds, lilifurika. Makoti uliyomnunulia yalikutana na maji.

Msimu wa pili, 2020/21, mambo yaligeuka tangu juu angani. Kilomita 20 mpaka 50 juu ya ncha ya kaskazini, kila msimu wa baridi, huzunguka kimbunga kikubwa cha hewa baridi sana. Kinafanana na pia ya watoto: ikizunguka kwa kasi inasimama wima mahali pake, ikipungua kasi inayumba na kutangatanga. Mapema Januari 2021 hewa ya huko juu ilipata joto la ghafla la makumi ya nyuzi ndani ya siku chache, na kimbunga kile kikavurugika. Mvurugiko wa aina hiyo hushuka polepole, kwa wiki kadhaa, na mara nyingi ukifika chini huisukuma NAO kwenye hasi. Ndivyo ilivyokuwa. Theluji ilianguka Leeds Januari ileile, na tarehe 11 Februari 2021 kijiji cha Braemar huko Scotland kilifika nyuzi 23 chini ya sifuri, baridi ambayo Uingereza haikuwa imeiona tangu 1995.

Kama angefika huko miaka kumi kabla angekuta makali zaidi. Msimu wa 2009/10 NAO ilishuka hasi kuliko ilivyowahi kupimwa. Kuna picha ya setilaiti ya tarehe 7 Januari 2010 inayoonyesha kisiwa kizima cha Britania kimefunikwa na theluji, kusini hadi kaskazini. Na yale mawingu ambayo kwa kawaida yangemwaga mvua Scotland yalipelekwa kusini: Februari 20 ya mwaka huohuo kisiwa cha Madeira kilikumbwa na mafuriko yaliyoua watu. Ukiona sehemu moja imenusurika mvua, angalia jirani yake. Maji hayo yameangukia mtu.

Ni nini basi kinachoisukuma NAO? Sehemu kubwa ni hali ya kawaida ya hewa kutotulia. Hewa haina haja ya kuchokozwa ili ibadilike. Lakini kuna misukumo inayojulikana, na mmojawapo unatoka upande wetu wa dunia. Hapa ndipo nataka usome taratibu, Mama, kwa sababu wewe uliishi tukio hilo.

Unakumbuka mvua za mwisho wa 2019. Maporomoko ya udongo ya Bududa mwanzoni mwa Desemba uliyasikia ukiwa karibu, maana kutoka Tororo Mlima Elgon unauona. Ziwa Victoria likaendelea kujaa. Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo kinachoelea kikasukumwa hadi kwenye bwawa la Jinja, mtambo ukaziba, na nchi nzima ikakosa umeme. Mei mwaka huo ziwa lilivuka kimo kilichokuwa kimesimama kama rekodi tangu 1964. Chanzo kikubwa cha mvua hizo za 2019 ni Bahari ya Hindi. Kwa kawaida maji yake ya joto yanajikusanya upande wa Indonesia. Mwaka ule yalihamia upande wetu, karibu na Somalia na Kenya, na upande wa Indonesia na Australia ukapoa. Hali hiyo huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi, na ya 2019 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Juu ya maji ya joto mgandamizo hushuka, hewa hupanda, mawingu hujengeka: Afrika Mashariki ikalowa, Australia ikaungua.

Joto linalomwagwa angani na mawingu mengi kiasi hicho haliishii hapo lilipo. Linatikisa mikondo ya hewa ya juu, na mtikisiko huo unasafiri kama mawimbi makubwa hadi Atlantiki ya kaskazini. Watafiti wa Uingereza walipochunguza kwa nini msimu wa 2019/20 ulikuwa chanya namna ile, na kwa nini utabiri wao uliuona mapema, walikuta Dipoli ya Bahari ya Hindi ikiwa sababu kuu. Kwa hiyo bahari iliyolijaza Ziwa Victoria ndiyo hiyohiyo iliyosaidia kumnyima binti yako theluji. Kwangu mimi hili ni moja ya mambo mazuri kabisa katika elimu ya hewa, na nasikitika kwamba shuleni tunawafundisha watoto majira ya Ulaya kwenye ukurasa mmoja na mvua zetu kwenye mwingine, kana kwamba ni dunia mbili.

Uhusiano huo upo pia kwa muda mfupi zaidi. Kuna kundi kubwa la mawingu na mvua linaloanza kwenye Bahari ya Hindi na kusafiri taratibu kuelekea mashariki hadi Pasifiki, likirudi tena baada ya siku 30 hadi 60. Wamarekani Madden na Julian walilieleza mwaka 1971, na linaitwa kwa majina yao. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, nyanda zetu za juu hupata mvua zaidi. Siku kumi hivi baadaye, uwezekano wa NAO kuwa chanya huongezeka, na Ulaya ya kaskazini hupata upepo wa baharini. Likishafika Pasifiki ya magharibi, kwetu mvua hupungua, na baadaye kidogo NAO huelekea hasi. Nasema uwezekano, kwa sababu mara nyingine misukumo hupingana na mmoja hushinda. Mwishoni mwa 2020 Pasifiki ilikuwa na La Niña, kinyume cha El Niño, ambayo peke yake mara nyingi huelekeza mwisho wa msimu wa baridi kwenye NAO chanya, lakini mvurugiko wa kule juu ukashinda.

Upepo wako wa Desemba sasa. Hautoki Leeds, lakini umekaribia ukweli. Katikati ya Asia, Siberia na Mongolia, usiku mrefu wa majira ya baridi hupoza ardhi isiyo na bahari karibu. Hewa inakuwa nzito, inatulia chini, na kunajengeka eneo la mgandamizo mkubwa kuliko yote duniani. Huko Agata, Siberia, tarehe 31 Desemba 1968, ulipimwa mgandamizo wa hektopaskali 1083.8 kwa usawa wa bahari. Upande wa kusini magharibi, Arabuni nako hukaa mgandamizo mkubwa. Wakati huohuo jua liko kusini, na ukanda wa mvua umeshuka hadi Tanzania ya kusini, Malawi na Zambia. Hewa inatoka kwenye mgandamizo mkubwa wa kaskazini kwenda mdogo wa kusini, na hiyo ndiyo kaskazi ambayo mabaharia wa pwani waliisafiria kwa karne nyingi kutoka Arabuni.

Lakini kaskazi ikifika kwako imechoka. Imepita jangwa la Arabuni, Pembe ya Afrika na Turkana, ikashuka Karamoja na Teso, na njiani kote haikupata maji ya kutosha kubeba. Ndiyo maana maharage uliyoanika kwenye turubai hukauka upesi, nyasi hushika moto kirahisi, na vumbi la barabara haliishi. Entebbe na visiwa vya Ssese hawaioni sawasawa na wewe kwa sababu ziwa linajitengenezea pepo na mvua zake za usiku. Na ikitokea mvua ya kushtukiza Tororo mwezi Januari, mara nyingi ni hewa yenye unyevu ya bonde la Kongo imepata nafasi ya kuingia kutoka magharibi kwa siku chache. Machi 2018 tuliona jambo la namna hiyo likiwa kubwa: vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagaska, hewa ya Kongo ilivutwa mashariki na Afrika Mashariki ikafurika.

Mwalimu jirani yako hajakosea kusema dunia inabadilika. Joto limepanda, na msimu wa NAO hasi leo kwa wastani haufikii ukali ambao msimu kama huo ungekuwa nao zamani. Hata hivyo tofauti kati ya miaka miwili inayofuatana, kama hiyo aliyoiona binti yako, ni mpishano wa mgandamizo ambao Saabye aliukuta tayari ukisimuliwa. Ongezeko la joto limepandisha sakafu. Kupanda na kushuka kunaendelea juu yake.

Kuhusu koti la huyu mdogo: anunue moja linalozuia maji, lenye kofia, na kubwa kiasi cha kuvalia sweta mbili ndani. Mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, ina makoti mengi mazuri, ila alimwagie maji kidogo begani kabla ya kulipa aone kama yanateleza au yananyonywa. Mwaka wa upepo wa magharibi litamkinga na mvua, mwaka wa upepo wa mashariki ataongeza sweta. Viatu visivyopitisha maji ni muhimu kuliko koti.

Utabiri nao umepiga hatua. Tangu 2014 Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, imeonyesha kwamba kuanzia Novemba inaweza kukadiria NAO ya miezi mitatu inayofuata vizuri kuliko kubahatisha, kwa hiyo mwanao akisoma mwezi huo kwamba upepo wa magharibi unatarajiwa kuwa na nguvu, ajiandae kwa mvua. Wewe mwenyewe usisubiri Novemba. ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa kilichoko Kenya, hutoa mwelekeo wa mvua za Oktoba hadi Desemba kabla msimu haujaanza. Humo tafuta jambo moja kwanza: Bahari ya Hindi ina joto upande gani. Ikiwa ni upande wetu, wahi kuchimba mitaro ya shamba na usichelewe kuvuna, na ndugu zako wa mlimani, kama wapo, wahimize wasilale chini ya miteremko iliyokwisha kupasuka. Ikiwa ni upande wa Indonesia, panda mbegu inayokomaa mapema, kwa sababu mvua inaweza kukata kabla ya kaskazi kufika.